Mdogo Wangu Ananionyesha Mto

Mdogo wangu anaishi Marekani, kwenye mji mdogo kando ya mto, pembeni mwa jiji kubwa. Kila nikimpigia video kutoka saluni ninakosukia watu hapa Jeppestown, kusini mwa Afrika, ananionyesha huo mto. "Yaya, dada yangu, angalia, maji yameganda! Watu wanatembea juu yake!" Mimi sijamuuliza habari za maji. Nataka kumwona binti yangu.

Tulipokimbia vita Kongo, safari ya Marekani ilimtokea yeye, mimi nikabaki. Mtoto wangu alikuwa hajaanza hata shule. Tulimwandikisha kama wake ili apande ndege, tukakubaliana kwamba akikua ataambiwa ukweli. Sasa ni msichana mkubwa, na kila nikipiga, mara yuko shuleni, mara analala, mara anaoga. Shule gani hiyo ya Jumapili? Vita vilininyang'anya mengi, lakini mtoto nimeibiwa na mdogo wangu wa tumbo moja. Nasema wazi.

Juzi simu ilipokelewa na binti mwenyewe. Akatabasamu, nikauona mwanya wa meno ya mbele, mwanya wangu kabisa.

"Jambo, mama mkubwa. Mama yuko kazini."

Mteja wangu akageuka, kichwa nusu kimesukwa. "Eish, nani huyo mrembo?"

"Binti yangu," nikajibu kwa sauti.

Msichana akaacha kutabasamu. "Unasema nini, mama mkubwa?"

"Keti, mwanangu. Huyo aliye kazini ni mama yako mdogo."