Mkrismasi Uliozidi Chumba

Desemba ya Same ina namna yake ya kumlevya mtu. Jua likishapanda hakuna anayefanya jambo kwa haraka; upepo unazungusha vumbi, mabati yanalia, na ukiitazama milima kwa muda mrefu inaanza kusogea, inakuja karibu halafu inarudi zake. Mama alikuwa akiitazama hivyo tangu aliposhuka kutoka kwetu Bombo, huko juu milimani. Baridi ya kule ilikuwa imempa kikohozi kisichosikia asali wala tangawizi, na daktari akasema akae huku chini kwenye joto. Ndipo akaja kukaa nami katika chumba changu kimoja cha kupanga.

Kikohozi kilitulia, lakini yeye hakutulia. "Krismasi ikipita narudi," alisema, na hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akiiambia milima. Baba ameshatutoka na nyumba ile ni tupu. Angerudi kuwasha moto peke yake, na moshi angeukohoa peke yake. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba siku moja nitapigiwa simu, nami niko huku kwenye joto langu. Tatizo ni kwamba mimi nikiogopa hugeuka mkali, na ukali haujawahi kumbakiza mama yangu popote.

Basi nikauwaza mti. Nyumba yetu ya milimani haina dari. Baba alikuwa akileta mkrismasi, ule mti wa uzio unaonukia utomvu, anausimamisha sebuleni kwenye ndoo ya mawe na udongo, ncha yake ikipotelea kwenye giza la kenchi. Tuliupamba kwa pamba na maputo, na kadi za kila aliyetukumbuka. Tukishatoka ibadani na kushiba wali, nilijilaza chini yake mkekani. Ukungu uliingia mlangoni bila kubisha hodi, ukatanda kwenye matawi, nami niliamini kabisa kwamba mti umetoboa paa na unaendelea kukua huko mawinguni. Mpaka leo kuna sehemu ya akili yangu inayoamini hivyo.

Nikajiambia, mama akiletewa mti kama ule atajiona yuko kwake, na habari ya kurudi hataitaja tena. Madukani kulikuwa na miti ya plastiki, mizuri tu, ya kuweka pembeni ya televisheni. Niliipita kwa dharau.

Nilipanda Bombo siku ya ukungu mzito. Baba mdogo, anayetuangalizia shamba, alinipokea na panga lake mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yenu anaendeleaje?"

"Anataka kurudi."

"Kwenye baridi hii? Arudi kufanya nini?"

"Muulize wewe. Mimi nimeshachoka kumuuliza."

Tulipita kwenye migomba, matone yakituangukia shingoni. Ndani ya ukungu kila kitu kinaelea, hata miguu yako mwenyewe unaiona kwa shida. Hapo nikauona: mkrismasi uliojaa vizuri, umenyooka, ncha yake ikinifikia kifuani. Niliinama nikaunusa nikiwa nimefumba macho, nikawa tena yule mtoto wa mkekani.

"Huu," nikasema.

"Huu?" Baba mdogo alinitazama. "Chumba chako kina kimo gani?"

"Kina kimo cha chumba, baba mdogo. Kata tu."

Hakubishana nami. Akashuka na kupotelea kwenye ukungu, kisha nikasikia panga likigonga chini sana, mbali kuliko nilivyotarajia, na hata hilo halikuniamsha. Shamba letu limekatwa ngazi ngazi, kila ngazi na ukuta wake wa mawe. Mti ulikuwa umeota ngazi ya chini, na mimi nilikuwa nimesimama ya juu, nikitazama kichwa na mabega yake tu. Mtoto yeyote wa kule anajua kwamba mti unachaguliwa ukiwa umesimama chini yake. Miaka ya kukaa tambarare ilikuwa imenifutia hilo.

Ulipolazwa njiani ndipo nikauona urefu wake wote. Baba mdogo aligeukia migomba, akizuia kicheko. Ningeweza kusema tuukate nusu, lakini nilikuwa nimeshauona mbele ya mama na sikutaka kuupunguza. Tukaufunga juu ya keria ya gari, nikashuka nao, na pale stendi ya Same watu wakaniuliza kama ninahamisha msitu.

Uliingia mlangoni kwa kubembelezwa. Dari langu ni la chini. Ulipoligusa ulijikunja, ukaegemea kabati, ukashusha matawi juu ya meza, juu ya jiko la gesi, juu ya mito. Mimi na mama tuliketi kitandani magoti yetu yakiwa ndani ya majani. Kwa muda kidogo ilikuwa ndoto. Harufu ya utomvu ilijaa kwenye lile joto, kijani kikatuzunguka pande zote, na malori ya barabara kuu yakasikika kama yanapita nchi nyingine. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikaona mabega ya mama yanatikisika.

"Ulisimama ngazi ya juu," akasema.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, nami nikampigapiga mgongoni huku nimenuna.

"Nimekuletea ujione uko nyumbani, mama."

"Nimeona. Ila nyumbani pana njia ya kupita."

Hapo nikawaka. Nikamwambia basi, nitautupa nje uliwe na mbuzi, na yeye aende huko kwenye njia ya kupita. "Kama hutaki kukaa na mimi, sema tu!" Sauti ilinikatikia katikati. Nilikuwa mtu mzima, na nililia kama mtoto aliyenyimwa kitu dukani.

Mama aliinuka, akapenya kati ya matawi, akaanza kuupima mti kwa mikono kama anavyopima kitenge, kutoka kwenye ncha kushuka chini. Alipofika mahali akaweka kidole.

"Kata hapa."

"Hapo, mama? Si utabaki wa kuweka juu ya stuli?"

"Uwekwe juu ya stuli. Kona ile niachie."

"Kona ya nini?"

Aliitazama ile kona, akaipima nayo kwa mikono, taratibu, urefu na upana.

"Mpigie baba yako mdogo, anishushie kitanda changu," akasema. "Wewe unapiga mateke sana usingizini."