Ba Wa Kwanza Babili

Asubui ku Bulengera, hapa Butembo, ukungu inashukaka mpaka mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na miye ninakaa ku mulango na blanketi yangu, sijue kama nimeamuka ao ningali mu ndoto. Kuku inapita, ninaona miguu tu.

Siku ile mujukulu wangu mwanamuke alikuwa mu chumba na ordinatere yake, ile kompyuta ya kazi. Anatumaka amri ku mashini za mbali, kule ngambo. Batu banasema ziko mu mawingu. Ni bongo, ni uwongo tu: ziko mu manyumba, chini. Yeye anaambia chombo moja ya mu ordinatere, na chombo ile inaambia mashini zote: hii iamuke, hii ilale, hii ifutwe. Mais chombo lazima ijue kwanza mashini gani ziko. Njo kitu alikuwa anatengeneza: chombo yenyewe iende kuziuliza, isiamini tu majina yenye batu banaandika.

Majina alizipatia kama sisi Banande tunapatia batoto. Kwetu wa kwanza iko na jina yake tayari, wa pili na yake, kila nyumba vilevile. Ukiita wa kwanza mu lupango, batatu banaitika. Hatushangae, tunauliza tu: wa mama nani? Donc kwake kila muji ni nyumba: mashini yenye kutumikia Butembo ilikuwa Wa Kwanza, na yenye kutumikia Beni Wa Kwanza vilevile.

Mwenzake wa kazi iko Beni, alitumwa kule kutoka Kinshasa. Mutu muzuri, mais wa haraka. Akapiga simu, sauti inajaa nyumba.

"Yaya, dada yangu, minaona ba Wa Kwanza babili. Moja ni ya bure. Minafuta."

"Hapana! Hapana gusa! Ile ya Beni njo inachunga makaratasi ya maternité, kwenye banazalaka, bamama bote na..."

Réseau ya simu ikakatika.

Mujukulu akapiga tena na tena, bure. Machozi ikaanza.

"Machozi hailete réseau," nikamuambia. "Kaa."

Akakaa. Miye nikafunga macho. Nikaona bamama ba Beni banapita mu ukungu, mutoto ku mugongo, kila mumoja anaita jina polepole, na hakuna mwenye kuitika. Banapita, banapita, kama maji. Sijue ilikamata muda gani.

Simu ikalia.

"Ulifuta?" mujukulu akauliza.

"Nitafuta namna gani? Chombo yako inanikatalia! Minasema futa Wa Kwanza, inaniuliza: wa nyumba gani? Miye nitajua wapi manyumba yenu?"

Mujukulu akacheka na kulia pamoja. Swali ile aliiweka yeye, asubui ileile, na alifikiri haiyafika bado Beni.

Nikakamata simu. "Papa, kwenu uko wa ngapi?"

"Wa mwisho, koko," akanijibu, kama mujukulu wangu naye.

"Inaonekana. Wa mwisho hajuake kungoja."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba nimupatie naye jina ya Kinande. Nikamuambia aache kwanza mashini ya bamama.