Sahihi ya Sadanand Pednekar

Jumamosi, tarehe 11 Julai 1987. Mvua ilinyesha Bombay tangu alfajiri bila kupumzika, na kule mtaa wa Lalbaug maji yalifika ngazi ya pili ya jengo alimoishi Sadanand Pednekar.

Bwana Thadani, katibu wa mwigizaji Jagmohan Vohra, alipanda hadi ghorofa ya tatu suruali ameikunja magotini, viatu mkononi, karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Sadanand alimtandikia mkeka kimya. Daktari alikuwa amemwonya aitunze sauti iliyobaki. Kesho yake angelazwa hospitali ya Parel, na Jumatatu uvimbe uliokuwa kooni ungeondolewa pamoja na sauti yenyewe.

Kwa miaka ishirini na mbili, tangu aache kazi ya upigaji chapa, Sadanand aliwaingizia waigizaji sauti kwenye filamu. Alisimama ndani ya chumba chenye giza, kipande kifupi cha picha kikizungushwa mbele yake mara ishirini, mara thelathini, mpaka maneno yake yakae sawasawa kwenye midomo ya mwingine. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu hata moja. Mwaka uliopita Vohra alishikwa na homa ya matumbo, na filamu ilikuwa inasubiriwa kwenye majumba ya sinema. Sadanand akaitwa amsemee Vohra pale alipoigiza baba anayekata roho, dakika tisa nzima. Watu walitoka ukumbini wakifuta macho. Sasa Vohra alikuwa amechaguliwa kupewa tuzo ya mwigizaji bora, yake ya kwanza baada ya filamu sitini. Lakini kanuni za tuzo zilitaka sauti iwe ya mwigizaji mwenyewe, na mjumbe mmoja wa kamati alikuwa ameanza kuuliza, ilhali tuzo ilikuwa itangazwe jioni ile.

"Sahihi moja tu, kaka," alisema Thadani. "Kwamba hukukanyaga studio ile."

Vatsala, mkewe Sadanand, aliweka chai chini. "Kwani aliyekufa mle ni nani, shemeji? Mimi kile kikohozi nakijua, nakisikia hapa kila usiku."

"Dada, usinibane. Mimi nimetumwa."

"Umetumwa na mtu ambaye hata kukohoa alikoholewa!"

Thadani alicheka kabla hajajizuia. Kisha akashusha macho. "Kitanda cha hospitali alikitafuta yeye. Pale watu wanasubiri kitanda barazani miezi miwili. Alipiga simu mara moja tu, kikapatikana. Akipiga nyingine…"

Sadanand akasogea karibu ili asilazimike kupaza sauti.

"Zile dakika tisa," alisema, "sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko zile."

"Najua. Hata yeye anajua."

"Amesema?"

Thadani alikizungusha kikombe mikononi. "Kwangu mimi, ndiyo."

"Mwambie aje aniambie mimi."

"Hawezi kuonekana hapa, kaka. Siku hizi hawezi."

Sadanand aliisoma karatasi mara mbili, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akatia sahihi. Vatsala aligeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka mgeni aliposhuka.

"Baba Ujwala," alisema baadaye, "ungewaambia kamati ukweli."

"Wakija kuniuliza Jumanne, nitawajibu kwa sauti gani?"

Jioni redio ya jirani ilitangaza kwamba tuzo ni ya Vohra, na kule chini mtu akapiga mluzi wa furaha.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imepungua. Sadanand alioga kabla bomba la pamoja halijakauka, akawasha taa mbele ya sanamu ya mungu Ganpati, akaenda Parel na mkewe kwa miguu. Mapokezini karani alimwuliza jina, umri, kazi. Vatsala akafungua mdomo aitaje ile kazi ya studio. Sadanand alimshika mkono, akajibu mwenyewe kwa ile sauti iliyokwaruza:

"Andika mpiga chapa."

Karani akaandika. Sadanand akapewa kitanda namba kumi na saba, akavua shati, akalikunja, akalala.