Sayil Aliyeweka Finjani Chini

Sayil ndiye mmiminaji wetu wa kahawa. Huku kwetu juu ya bonde, kusini mwa Karak, hakuna harusi, matanga wala suluhu inayofanyika bila yeye. Birika huwa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, naye huanza na mgeni wa upande wa kulia. Finjani ni moja. Mgeni akitosheka huitikisa kidogo, Sayil huipokea na kummiminia anayefuata, mpaka ukumbi mzima uwe umeweka midomo kwenye ukingo ule ule.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na aliipenda. Alianza kuichukia baada ya kuzaliwa Wadha, binti yake wa pekee, mwenye tundu moyoni.

Wadha ana miaka minne, na akipanda ngazi midomo yake hugeuka rangi. Mara mbili hospitali ya Amman ilimpangia upasuaji, na mara mbili daktari alisikiliza kifua chake akasema ana homa ya mafua, hawezi kulazwa usingizi wa dawa, mrudisheni nyumbani.

"Wewe ndiye unayemletea," Fidha, mkewe, alimwambia walipotoka safari ya pili. "Unatoka ukumbini, umelambwa mashavu na wanaume wote wa ukoo, unakuja kumbusu mtoto."

Sayil hakubisha. Alikwenda kwa nesi wa zahanati, na wote watatu wakachomwa sindano ya kinga. Nesi akawaonya kwamba sindano inapunguza makali, haifungi mlango kabisa. Wanawe mikono kwa sabuni, wafungue madirisha, anayekohoa alale chumba chake, na wasinywee chombo kimoja. Hilo la mwisho Sayil alipolisikia alicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Baridi ya mwaka huu Wadha alipangiwa tena. Wiki hiyo hiyo akafariki mzee mmoja wa ukoo, na ukumbi ukajaa watu wanaokohoa. Sayil akaingia na birika lake, na sinia la vikombe vya karatasi.

"Hivi ni vya nini?" aliuliza Freih, ami yake. "Tumekuja matangani au tumekuja kupimwa mkojo?"

Hata wafiwa walicheka.

"Ami, watu wanaumwa. Kila mtu na chake, siku hizi za baridi tu."

"Kwa hiyo unatuona wachafu."

"Sijasema hivyo, ami."

"Baba yako alinimiminia kwa finjani hiyo hiyo maisha yake yote, na nipo hapa nimekaa."

"Wewe upo, ami. Baba alikufa kwa kifua."

Sheikh Tradi, mkubwa wa ukoo, alifuta pua kwa ncha ya kilemba chake. "Mwanangu," alisema kwa upole, "mgeni akipewa karatasi ataondoka akisema tumemwonea kinyaa. Weka hayo madude, umimine."

Akamimina. Mimi, jirani yake, nilikuwa nimekaa karibu na mlango; vikombe vya karatasi vikabaki kwenye sinia.

Tangu jioni hiyo hakulala kwake, asije akampelekea Wadha mafua. Nilimpa chumba cha shayiri kando ya banda langu la mbuzi, na Fidha akawa anamwekea chakula juu ya ukuta. Wadha alikuwa akimwita kutoka dirishani.

"Baba, umenikasirikia?"

"Hapana, mama. Baba ananuka mbuzi."

"Basi oga."

Siku ya mwisho ya matanga, Sheikh Tradi alichukua birika kwa mkono wake ili ammiminie mmiminaji, kama shukrani. Sayil akaipokea finjani, akaiweka kwenye zulia mbele yake, akaiacha hapo.

Mazungumzo yalikatika. Kwetu anayeweka kahawa yake chini ana haja, na hainywi mpaka haja ijibiwe. Ikipoa mbele yake bila jibu, aibu ni ya wenye nyumba. Watu hufanya hivyo kuomba mchumba, au kuomba damu isamehewe. Mmiminaji hatujapata kumwona akifanya hivyo.

"Kunywa kahawa yako, Sayil."

"Nina haja, sheikh."

"Sema."

"Mpaka baridi iishe, kila mtu finjani yake, zioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Na anayekohoa abaki kwake, asihesabiwe kwamba hakuja."

"Wenzake huomba mke," alisema Freih, "yeye anaomba sabuni."

Safari hii hawakucheka. Sheikh Tradi aliitazama ile finjani, mvuke umeshaanza kwisha. "Haja yako tumeikubali," alisema. "Sasa kunywa."

Sayil akaishika. Ilikuwa ile ile, imetoka kuzunguka ukumbi mzima. Lakini akishakubaliwa mtu hunywa, la sivyo amevunja alichopewa. Akanywa. Sheikh Tradi akainuka, akafuta pua, akambusu shavu hili na lile. Nyuma yake wanaume wakapanga mstari kumpongeza, Freih akiwa wa kwanza, kila mmoja na busu zake na kikohozi chake.

Fidha alipompeleka Wadha Amman, Sayil alikuwa kwenye shayiri yangu anatetemeka kwa homa. Aliliona gari likiondoka kupitia ufa wa mlango.

Adhuhuri Fidha akanipigia simu. Nikaenda kusimama nje ya mlango nikamwambia Sayil: daktari amesikiliza kifua, kiko safi, mtoto ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Nikamsikia akiegemea mlango kwa ndani.

"Baba yake ni mimi," alisema, "na nimelala na mbuzi."

Kisha akakohoa, akaniambia nisogee mbali na mlango.