Alama ya Sufuria Kwenye Kaunta Nyeupe

Tulipojenga nyumba yetu hapa Kakamega mjini, bafu ndilo lililochelewa kukamilika, na ndilo nililolifikiria kuliko vyumba vyote. Sebule nilimwachia mume wangu. Jikoni tulielewana upesi. Lakini kaunta ya bafu, ile meza ya jiwe inayobeba sinki, nilitaka kuichagua mwenyewe. Nilikuwa nimeziona kwenye simu, katika nyumba za Nairobi na Kisumu, nikazitamani kama msichana anavyotamani viatu vya dirishani.

Mama mmoja mwenye duka la mawe ya kaunta alinitembeza uani kwake, katikati ya vipande vilivyoegemezwa ukutani kama milango. Nilisimama mbele ya graniti nyeusi, ile yenye vinukta vya kumetameta. Alitabasamu.

"Hiyo ilikuwa ya miaka ile, mwalimu. Siku hizi wa mjini hawaitaki. Inaonyesha kila tone la maji."

Akanionyesha wanachokitaka. Kulikuwa na terazo, ile ya vipande vya mawe vilivyomwagwa ndani ya saruji, ambayo mimi niliijua kama sakafu ya ofisi za zamani na sasa imerudi kwa fahari kwenye mabafu ya watu. Kulikuwa na ubao mnene wa mti, kingo zake zimeachwa na mikunjo ya mti wenyewe. Mwisho akafika kwenye jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu iliyofifia, lisilong'aa, laini kama unga ukilipapasa.

"Hili linatengenezwa kiwandani. Linaitwa kwatzi. Unaliweka ukutani bila kabati chini, linakaa kama linaelea, halafu sinki la bakuli linakaa juu. Maji halijali, sabuni halijali. Moto tu ndio halitaki, kwa sababu lina gundi ndani."

Nikaitikia kwa kichwa. Nani angepeleka moto bafuni?

Jiwe lilipofungwa ukutani, nilikuwa nikiingia bafuni hata bila haja. Asubuhi mwanga wa dirisha dogo ulilala juu ya lile jiwe na chumba kizima kikaonekana kimepumua. Wanawake wa chama changu walipokuja kwa mkutano, walienda kunawa mikono mmoja mmoja na kurudi wakiwa na picha kwenye simu. Nilifurahi sana.

Mwaka huohuo dada yangu mkubwa alianguka shambani kwake Mautuma, akaumia goti.

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki nikiwa bado mdogo wa kubebwa, na yeye, ambaye hakuwa amemaliza hata shule ya msingi, akaacha masomo akashika nyumba. Kila asubuhi alinichemshia maji ya kuoga, akaonja joto lake kwa kiwiko, akanisugua huku akiniimbia nisilie baridi. Nilipoitwa chuo cha ualimu, yeye ndiye aliyenifungia nguo kwenye sanduku. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita "mwana wa mama", na mpaka leo hajawahi kuniita jina lingine.

Daktari wa hospitali kubwa hapa mjini alisema goti linahitaji mazoezi ya mara kwa mara, na safari za kutoka Mautuma zingemmaliza. Nikamwambia aje akae kwangu mpaka apone. Nilimtandikia chumba kilicho karibu na bafu. Alifika na begi moja na kuku wawili waliofungwa miguu, akacheka kuniona nimesimama getini kama mtoto anayesubiri mzazi kutoka sokoni.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Nilirudi kutoka shule nikimkuta amekaa jikoni akisonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa mkono wake mzito ambao mimi sikuurithi. Watoto wangu, ambao kwa kawaida hula wakiangalia simu, walikaa naye mezani wakimsikiliza akieleza jinsi nilivyoogopa bata nikiwa mdogo. Mume wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

Lakini bafu lilimshinda. Bafu la mvua la umeme hakulitaka kabisa.

"Maji na stima mahali pamoja? Hapana, mwana wa mama. Mimi hiyo siogangi."

Nikamnunulia beseni kubwa, na yeye akazoea kuchemsha maji yake kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba. Nilimwambia asibebe mwenyewe, aniite au aite watoto. Aliitikia, kama alivyoitikia mambo mengi ambayo hakukusudia kuyafanya.

Siku moja katikati ya juma tulikuwa wote kazini na shuleni. Alikuwa na kliniki alasiri, akataka kuoga mapema. Akabeba sufuria ya maji yaliyotokota, akichechemea, mpaka bafuni. Goti halikumruhusu kuinama na uzito ule ili kuiweka chini. Mbele yake kulikuwa na meza nyeupe, pana, iliyomfikia kiunoni. Akaitua pale, akashusha pumzi. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta amechoka kusimama, amepiga magoti sakafuni, lile goti bovu likiwa limekunjwa chini yake, anasugua kaunta kwa majivu na sufi ya chuma. Kliniki hakwenda. Juu ya jiwe kulikuwa na duara la rangi ya chai, na kutoka kwenye duara hilo ufa mwembamba ulikimbia hadi ukingoni. Pale aliposugua, ngozi laini ya jiwe ilikuwa imechunika na kuwa na mikwaruzo.

"Inatoka," aliniambia bila kunitazama. "Bado kidogo. Inatoka."

"Dada, inuka. Goti lako."

"Inatoka."

Nilimshika chini ya makwapa nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimkalisha kitandani, nikampaka dawa, nikamwambia ni jiwe tu, na nilimaanisha. Alikuwa akitazama mikono yake iliyojaa majivu.

Kilichofuata ndicho ninachokijutia, ingawa mpaka leo sijui ningefanya nini tofauti. Kesho yake nilimpigia simu yule mama wa duka kuuliza kama alama inaweza kufutwa. Nilitaka iondoke upesi ili dada asiione tena. Nilikuwa napika, mikono yangu ina unga, kwa hiyo niliiweka simu mezani na kufungua spika yake. Dada alikuwa uani akianika nguo, hatua chache kutoka mlango wa jikoni.

"Aah, pole, mwalimu," yule mama alisema, sauti yake ikijaa jikoni kote. "Hiyo ikishaungua haifutiki. Ni msichana wa kazi? Ama ni mgeni? Wageni wa kutoka nyumbani ndio hutuharibia hizi vitu. Hawajazoea."

"Si mgeni," nikamjibu. "Ni dada yangu. Hapa ni kwake."

Nilipogeuka, uani hapakuwa na mtu. Nusu ya nguo zilikuwa bado kwenye karai.

Alikuwa chumbani akikunja kanga. Alisema mahindi yanataka palizi na kuku hawana wa kuwalisha. Nilimwambia nilichomjibu yule mama. Nilikirudia neno kwa neno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika shavu.

"Ulisema vizuri. Lakini yule naye hakudanganya, mwana wa mama. Nyumba yako ni nzuri sana. Ila mimi humu natembea kama mtu amebeba mayai."

Mume wangu alimsihi. Watoto wakaficha begi lake. Alilala siku hiyo moja ili kuwaridhisha, na asubuhi akaondoka.

Baada ya mavuno ya mahindi alitutumia gunia na jogoo mwekundu mkubwa, ingokho ya kupikiwa wakwe. Aliyeleta alisema, "Ameniambia niseme ni ya ile meza." Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia. Dada yangu alikuwa ananilipa fidia, kama jirani ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye shamba la mtu.

Nilikwenda Mautuma mara kadhaa. Alinipokea kwa furaha, akanipikia, tukacheka. Nikimwambia arudi, alibadilisha mazungumzo. Baadaye tukaling'oa lile jiwe tukaweka terazo, nikachagua ya kufungwa chini zaidi ukutani, yenye ukingo mnene wa kushikia, inayovumilia sufuria ya moto. Nilimtumia picha. Alijibu kwa simu kwamba ni nzuri, inafanana na sakafu ya zahanati.

Kliniki ameanza tena, ila kwa siku zake mwenyewe. Anafika mjini asubuhi na kuondoka mchana. Siku hizo mimi huomba ruhusa shuleni nikampelekea chai ya chupa na viazi vitamu, tukakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi. Ananiuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine. Goti linaendelea vizuri, ingawa daktari anasema angerudi mapema lingenyooka kabisa. Wahudumu wakimaliza naye, mimi humsindikiza hadi stendi. Zamani nilikuwa nikimwambia alale kwetu angalau siku moja. Siku hizi ninambebea begi, nasubiri apande, kisha narudi kazini.