Fomu ya Alhamisi niliijaza Jumatatu

Habari za majukumu, admin. Naomba ufiche jina langu, maana Geita ni ndogo na baadhi ya wanaoufuata ukurasa huu nakaa nao ofisi moja. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, kwetu ni Ushirombo. Wazazi wangu ni wakulima, na kwa jembe lao nilisoma mpaka nikapata stashahada. Tangu mwaka jana ni karani kwenye ujenzi wa ghorofa moja hapa Kalangalala. Haya ninayoandika nimeshindwa kuyasema nyumbani, na hata kwa padri nimeshindwa.

Kazi yangu ni karatasi. Naandika mahudhurio, nagawa barakoa, miwani na glovu kwa mafundi wa lipu na wale wanaofunga bodi za jipsam. Kila asubuhi natakiwa nizunguke na msimamizi, tulikague jukwaa wanaposimama mafundi, tutikise nguzo moja moja, ndipo nijaze fomu na kutia saini. Lakini karani niliyempokea kijiti alinifundisha njia ya mkato: Jumatatu unajaza fomu za wiki nzima mpaka ya Jumamosi, unazitia kwenye faili, unaendelea na mengine. Nikafanya hivyo kwa miezi. Jukwaa lilisimama jana, niliona litasimama na kesho.

Jukwaa letu halikuwa la mabomba ya chuma. Lilikuwa la matimba, yale magogo ambayo wachimbaji huyapanga ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, ili lisiporomoke. Bosi aliyanunua kwenye duara lililofungwa huko Nyang'hwale. Mafundi wetu wengi wametoka machimboni, hakuna aliyeyatilia shaka. Walikuwa wakicheka, "Timba limebeba mlima, litashindwa na mtu aliyekula kiporo?" Hakuna aliyefikiri kwamba gogo lililokaa miaka kwenye unyevu chini ya ardhi linaweza kuwa gumu nje na unga ndani.

Kati yao alikuwepo fundi lipu nitakayemwita Baba Kulwa, rika la baba yangu mdogo. Nikimwamkia shikamoo aliitikia "Marahaba, karani wangu," kisha anaanza utani. Nikimpa barakoa anasema, "Mimi nimemeza vumbi la karasha la kusagia mawe ya dhahabu miaka kumi, hili la jipsam si ni unga wa muhogo tu?" Lakini alikuwa anaivaa, kwa kuniheshimu.

Alhamisi hiyo asubuhi alikuja dirishani kwangu. Hakuwa na utani.

"Ng'wana wane, mwanangu, timba la kona linalia. Nikilikanyaga linalia."

Nilikuwa naandika mahudhurio. Sikuinuka. Nilifungua faili, nikaiona fomu ya siku ile na saini yangu, nikamjibu, "Mbona kwenye fomu liko salama, baba?"

Akacheka kidogo. "Ah, kama fomu imepanda ikaona, mimi ni nani? Ila liandike hilo, wamwambie bosi."

Nikasema sawa, nitaandika. Sikuandika.

Sikumwona akianguka. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa kwenye goti, kisha kishindo, kisha watu wakipiga yowe. Nilimkuta chali, ndoo ya saruji imemmwagikia usoni, anasema, "Macho, macho." Miguu haikusogea. Tulimwosha macho kwa maji ya kunywa ya kwenye chupa, kwa sababu maji ya kuoshea macho hayakuwepo. Kwenye fomu yangu yapo.

Jioni ile ile bosi aliniita.

"Saini ya nani hii?"

"Yangu, bosi."

"Basi jukwaa lilikuwa salama. Ni yeye mwenyewe aliyefungua kamba iliyofunga matimba. Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti, na Jumatatu mkaguzi akija ndivyo utakavyosema."

Nikamwambia sikumwona akifungua kamba yoyote. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi. "Binti, saini yangu haipo hapo. Ipo yako. Nyamaza, ufanye kazi."

Jana nilikwenda hospitali. Madaktari wamesema Baba Kulwa hatatembea tena. Alikuwa amelala, macho yamefunikwa kwa bandeji. Mke wake, Mama Kulwa, alinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameshasikia kwamba mumewe anasemwa kafungua kamba, lakini hakuwa na hofu. Alinionea huruma mimi, akanimegea ndizi aliyoletewa mgonjwa. Akasema, "Mwenzangu hahangaiki na maneno yao. Ananiambia, 'Nilimwambia karani wangu, ni msomi yule, ameandika.' Ukweli upo kwenye maandishi." Niliimeza ile ndizi kama jiwe. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba sikuandika neno.

Nilipotoka hapo nilipita ofisini. Kwenye faili nilizikuta fomu za Ijumaa na Jumamosi, nilizozijaza ile ile Jumatatu. Zinasema jukwaa limekaguliwa, ni imara, na saini yangu ipo chini. Siku hizo mbili jukwaa lilikuwa limelala chini vipande vipande. Mtu yeyote akiziona atajua kwamba hata ya Alhamisi ilikuwa ya uongo. Bosi alishaniambia nizichome. Sijazichoma. Ziko chini ya godoro langu ninapoandika haya.

Nikizichoma, Baba Kulwa ataitwa mzembe aliyejivunja mwenyewe, na wanawe watakua wakiambiwa hivyo. Nikimpa mkaguzi, nitakuwa nimejishitaki kwa mkono wangu, na baba yangu, ambaye kijijini anajisifu kwamba binti yake anafanya kazi ya kalamu, atasikia kalamu hiyo ilifanya nini.

Mkaguzi anakuja kesho asubuhi. Najua wengine mtanitukana, tukaneni, nastahili. Ila mkimaliza, ndugu zangu, nishaurini: nizipeleke? Na nikizipeleka, nianzie wapi kumwambia Mama Kulwa kwamba mimi ndiye niliyeambiwa, nikajibu fomu inasema salama?