Safu Isiyo na Mwenyewe

Mtaani kwetu hakuna bibi anayeijua kompyuta kunishinda.

Haya, kuizima ndiko ninakokujua. Nachomoa waya.

Lakini lililotukuta Jumatano, jamani, hadi leo nikiona sindano mwili unanisisimka.

Mume wangu ana kisukari, na siku hizi kumbukumbu zimemtoroka. Ukimuuliza kama amekula, anakuuliza wewe ni nani.

Mjukuu wangu wa kike kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Akatutengenezea jedwali kwenye kompyuta ya sebuleni. Kila siku ina mstari wake, na safu za kusimama zina majina: Chakula, Kipimo, Sindano. Chini kuna kitufe cha kuongeza safu, maana daktari kila akija ana jipya la kufuatilia.

Sindano ni moja tu kwa siku. Ukimchoma mbili, sukari inashuka, mzee anaondoka hivi hivi ukimtazama.

Asubuhi ile mjukuu alishaenda kazini. Mama yake, yaani mkwe wangu, akaja kupokea zamu. Akaketi mbele ya kompyuta, akaniita.

"Mama, njoo uone."

Katikati ya jedwali pametokea safu mpya. Haina jina. Juu ina namba tu: 3.

Jumapili, alama ya vema. Jumatatu, tupu. Jumanne, vema tena.

"Nani anahesabu siku za mgonjwa humu ndani?" akanong'ona. "Umegusa wewe?"

"Mimi? Hata kipanya chenyewe naogopa kitaniuma."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa juu ya kioo, kwenye maandishi mekundu: SINDANO YA LEO BADO.

"Huyu mtoto kasahau!"

Akaenda chumbani mbio. Nilipofika mlangoni, sindano imeshajaa dawa, na mzee kapandisha shati mwenyewe, anatabasamu kama anapigwa picha.

Nikamshika mkono.

"Mpigie mwanao kwanza."

"Mama, jedwali linasema bado!"

"Nimesema mpigie!"

Akapiga, sindano mkononi. Sauti ya mjukuu ikapasua chumba: "Nimemchoma saa kumi na mbili! Nikajaza! Mama, weka chini!"

Mkwe wangu akakaa sakafuni.

Mjukuu alirudi anahema. Akalikagua jedwali, akashika kichwa.

"Kosa ni langu. Programu yangu haisomi jina la safu, inahesabu nafasi. Ya tatu ndiyo sindano. Mtu kaingiza safu mpya pale baada ya mimi kuondoka, Sindano ikawa ya nne, ikasukumwa hadi nje ya kioo. Programu ikaangalia ya tatu, ikakuta leo tupu."

Akalia. Akamwomba babu yake msamaha, naye babu akamsamehe bila kujua kosa.

Wanangu, mfano ni huyo binti. Ukiharibu, sema. Nyumba yenye mgonjwa haina nafasi ya "sijui".

Mkwe akauliza tena, polepole: "Sasa aliyeongeza ni nani?"

"Hizi mashine zina mambo," nikasema.

Mjukuu akapangusa machozi, akashika kipanya. "Basi haina mwenyewe. Naifuta."

"Usifute!"

Wote wakanigeukia.

"Hizo siku mbili zenye vema," nikasema, "mzee aliniita kwa jina langu."